Tumpe Watatu na Pasipoti Moja

Barua pepe iliingia Jumatatu saa nne asubuhi, wakati Tumpe ana kijiko mdomoni. Alikuwa amesimama mbele ya vikombe kumi na viwili vya kahawa ya Mbozi, anafyonza kimoja baada ya kingine kwa ile sauti kali ambayo mgeni akiisikia hudhani mtu amepaliwa. Simu ikatetemeka kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Akaisoma barua mara moja, akairudia, kisha akameza kahawa ambayo kwa kazi yake alipaswa kuitema.

Amechaguliwa. Waonjaji kahawa thelathini kutoka kila upande wa dunia wangekutana Trieste, Italia, mwezi wa sita, washindane nani ana ulimi mkali kuliko wenzake, na Tumpe wa maabara ya chama cha wakulima pale Mbeya alikuwa mmoja wao. Nauli na malazi ni juu ya waandaaji. Yeye apeleke ulimi na pasipoti.

Mkuu wake wa kazi, Mzee Sedekia, alikuwa mtu wa taratibu, hata mvua ikimkuta njiani haongezi mwendo. Siku hiyo alikimbia. Alikimbia kutoka maabara hadi ghalani kuwapa habari wapakuaji, wapakuaji wakaweka magunia chini wakapiga makofi, na Tumpe akawa anacheka tu, anacheka mpaka kwikwi ikamshika, akashindwa kuonja vikombe vilivyobaki. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na mpaka pekee aliowahi kuvuka ni ule wa Tunduma, mara moja, kwenda kutafuta vitenge.

Pasipoti hakuwa nayo, lakini hilo halikumtisha, maana ndiyo kwanza ulikuwa mwezi wa tatu. Jioni akakaa mezani nyumbani kwao Ilomba, akafungua fomu ya maombi kwenye kompyuta, akajaza jina la kwanza kwa mbwembwe, akafika palipoandikwa jina la ukoo, akakwama.

Akatoa vyeti vyake kwenye bahasha ya kaki, akavipanga mezani. Cheti cha kuzaliwa kilisema Tumpe Liberatus Kalinga. Vyeti vya shule, kuanzia darasa la saba hadi chuo, vilisema Tumpe Mwasomola. Kitambulisho cha taifa kilisema Tumpe Kalinga Mwasomola, na hicho alikijaza mwenyewe. Siku hiyo alikuwa na njaa, foleni nyuma yake ndefu, akaona aandike yote mawili yaishe. Siku zote alijua kwamba ana majina mawili ya ukoo kama anavyojua kwamba ana magoti mawili. Hakuwahi kuyaona yamekaa mezani yanamtazama.

Historia ya majina hayo kila mtu mtaani aliijua, au alidhani anaijua. Mama yake, Eveline Mwasomola, alimzaa akiwa mwanachuo Iringa. Baba yake ni Liberatus Kalinga, Mhehe wa Iringa, wakati huo dereva wa malori ya mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Babu Silvester Mwasomola, baba yake Eveline, alikuwa mzee wa kanisa la Moraviani. Hakutaka dereva, hakutaka Mkatoliki, na hakutaka kubishiwa. Ndoa haikufungwa, mtoto akalelewa Ilomba. Kila lori la Liberatus lilipopita barabara kuu lilipiga honi tatu, na Tumpe mdogo akatoka mbio kwenda kupunga mkono. Siku nyingine lori lilisimama, akashuka mtu mrefu mwenye mfuko wa mapeasi.

Tumpe alipoanza shule, mambo yakageuka. Mama alimkataza baba kukanyaga pale nyumbani. Honi ziliendelea, lori halikusimama tena. Tumpe akiuliza, mama alijibu neno moja tu, na alilijibu hilohilo kwa miaka ishirini na nne: "Alikukana."

Alipofika chuoni Tumpe alimtafuta baba yake mwenyewe, akampata. Liberatus alikuwa ameacha malori kwa sababu ya goti, akafungua duka la vipuri Ipogolo, pale chini ya mlima wa Iringa mjini. Mkewe alikuwa amefariki. Walizoeana taratibu, wakapigiana simu kila Jumapili, wakataniana. Lakini habari ya miaka ile baba naye hakuigusa. Alisema mambo ya wakubwa yana kutu, asiyashike atajikata.

Kesho yake Tumpe akaenda ofisi ya uhamiaji. Alipokelewa na ofisa mmoja aitwaye Mwantumu, mama wa makamo mwenye hijabu nyeusi na miwani iliyokuwa ikimteleza puani. Akazipokea zile karatasi, akazipanga kwa mstari kama mtu anayepanga karata, akazitazama kwa muda.

"Hapa nina Tumpe watatu," alisema. "Nani anasafiri?"

Tumpe akacheka kabla hajajizuia. Mama Mwantumu naye akatabasamu kidogo upande mmoja wa mdomo, kisha akamweleza kwa upole kwamba hilo si kosa la jinai wala si jambo geni. Nusu ya watu wanaokaa kwenye kiti kile wana herufi iliyozidi au ukoo uliopungua. Ila pasipoti haiwezi kutolewa kwa kubahatisha. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchagua ukoo mmoja na kuuacha mwingine kwa hati ya kisheria. Ya pili ni kubaki na yote mawili kama yalivyo kwenye kitambulisho cha taifa, lakini alete kiapo chake mwenyewe kwamba hao watatu ni mtu mmoja, na kiapo cha watu waliomjua tangu kuzaliwa, kinachoeleza kila jina liliingiaje. Akauliza kama wazazi wako hai. Tumpe akajibu wote wako hai. Basi hao ndio bora, Mama Mwantumu akasema, waape wote wawili, karatasi moja, siku moja.

Akamwongezea nasaha ambazo Tumpe aliziandika nyuma ya bahasha asizisahau. Pasipoti ikishatoka, kila kitu kingine kiifuate herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule: mwaliko, tiketi, viza, kadi ya chanjo, barua ya mwajiri. Asimruhusu mtu amkatie tiketi kwa jina la utani la kazini. Na nakala ya kiapo atembee nayo kila aendako, hata kama hakuna atakayeiuliza.

Tumpe akatoka pale na furaha yake ikiwa imetoboka kidogo tu. Wazazi wake hawakuwahi kukaa chumba kimoja tangu yeye akiwa darasa la kwanza. Kuacha jina moja kulikuwa rahisi zaidi. Akajaribu maabara, mbele ya vikombe vyake, kujiita Tumpe Mwasomola, halafu Tumpe Kalinga, kila jina akilitamka polepole kama anaonja. Mzee Sedekia akamkuta anajisemea peke yake. Akamuuliza lipi lina ladha nzuri. Tumpe akasema kila moja likiwa peke yake linaacha ulimi mkavu.

Jioni hiyo alimkuta mama yake jikoni anamenya viazi, akamweleza yote. Eveline alisikiliza bila kuinua kichwa. Halafu akasema hawezi kukaa meza moja na mtu aliyemkana mtoto, amwapie mtoto yuleyule. Tumpe hakubishana. Akasema sawa, kuna njia nyingine, ofisa amemruhusu aache jina moja, basi ataacha Kalinga abaki na la kwao Ilomba.

Kisu kikasimama katikati ya kiazi.

"Hilo usiliache," mama yake akasema.

Tumpe akauliza kwa nini. Mama akajibu kwa ukali kwamba viazi vinaungua, na viazi vyenyewe vilikuwa bado havijawekwa motoni. Baada ya chakula akauliza, akiwa ametazama ukutani, hiyo safari ya Iringa ingekuwa siku gani.

Simu ya baba ilikuwa fupi. Liberatus akauliza kama Eveline anakuja mwenyewe au anatuma mtu. Tumpe akasema anakuja mwenyewe. Akauliza tena kama suti ya bluu ya vifungo vitatu bado inavaliwa siku hizi au watu wamekwisha iacha.

Waliondoka Mbeya alfajiri ya Alhamisi. Eveline alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka, kile cha njano chenye ndege, na alikuwa amejipulizia manukato mpaka abiria wa kiti cha mbele akageuka kutafuta yanakotoka. Hakusema neno Igawa. Hakusema neno Makambako, basi lilipowashusha watu kununua mahindi. Walipokuwa wanakaribia Mafinga, misitu ya misonobari imejipanga pande zote mbili, akauliza kama yule mtu bado ana mwanya. Tumpe akamwambia bado anao. Mama akaitikia kwa kichwa kama aliyeambiwa bei ya mchele, akageukia dirishani, na Tumpe akajificha ndani ya mtandio wake kwa kicheko.

Ofisi ya wakili ilikuwa ghorofa ya pili, karibu na soko la Iringa, na wakili mwenyewe aliitwa Nusrat. Alikuwa kijana, mchangamfu, mwenye mikono inayochapa haraka kuliko anavyosema. Kumbe Liberatus alikuwa ameshafika saa moja na nusu kabla ya miadi. Alikuwa amekaa kwenye benchi la kungojea, suti ya bluu, kofia mpya magotini ikiwa bado na kibandiko cha dukani.

Alisimama alipowaona. Goti lilimsumbua, akashika ukuta.

Eveline akamtazama juu hadi chini. "Kamwene," akasema, salamu ya Kihehe, ile aliyojifunza akiwa mwanachuo.

Liberatus akafungua mdomo ajibu, na kilichotoka kikawa, "Ugonile." Kinyakyusa cha kwao Eveline, cha kumwamkia mtu asubuhi, nayo ilikuwa saa saba mchana.

Hakuna aliyecheka hapo. Tumpe alitaka, akang'ata shavu kwa ndani.

Nusrat aliwaketisha, akaeleza kwamba ameshaandaa rasimu kutokana na alivyosimuliwa na Tumpe kwenye simu. Atasoma aya moja moja, mwenye sahihisho aseme, kwa sababu wataapa na kiapo hakitakiwi kuwa na uongo hata wa kumpendeza mtu. Akaanza. Aya ya kwanza ilikuwa tarehe na mahali pa kuzaliwa, ikapita. Aya ya pili ilisema kwamba baba wa mtoto ndiye aliyetoa taarifa za cheti cha kuzaliwa na kuandikisha jina la Kalinga. Liberatus akakohoa, akataka kusema kitu, akaacha. Aya ya tatu ilisema kwamba mwaka 2001 mama wa mtoto ndiye aliyemwandikisha shule ya msingi kwa jina la Mwasomola.

"Siyo mimi," Eveline akasema.

Nusrat akainua macho kutoka kwenye kompyuta.

Eveline akaeleza, kwa sauti aliyokuwa ameiandaa kwa miaka mingi, kwamba mwaka huo alikuwa Makongolosi, anapikia wachimba dhahabu, na mvua ziliharibu barabara hakuweza kurudi kwa wakati. Aliporudi alikuta mtoto ameshaandikishwa. Mwalimu alimwambia aliyekuja ni baba, mtu mrefu, aliegesha lori nje ya uwanja wa shule. Baba mwenyewe alikuja kwa miguu yake, akaulizwa ukoo wa mtoto, akataja ukoo wa watu wengine. Akakana mtoto wake mbele ya mwalimu. Hayo ndiyo anayoyajua yeye, na hayo ndiyo yaandikwe.

Chini sokoni mtu alikuwa anatangaza nyanya kwa kipaza sauti.

Tumpe akamtazama baba yake. Liberatus alikuwa anazungusha kofia mkononi, akafika kwenye kibandiko, akakibandua polepole, akakibandika juu ya meza ya wakili bila kujua anafanya nini.

Akasema ni kweli, ni yeye aliyeandikisha. Lakini ilivyokuwa ni hivi. Mama mzazi wa Eveline alimtumia salamu kupitia dereva mwenzake kwamba uandikishaji unafungwa Ijumaa, Eveline yuko Makongolosi, na Mzee Silvester hataki kusikia. Akageuza safari, akafika Ilomba Alhamisi jioni. Mzee Silvester alimpokea nje akiwa peke yake, hakumkaribisha kiti. Akamwambia aende kuandikisha kama anataka, lakini jina la Kalinga likiingia kwenye daftari la shule, mtoto atalikuta begi lake mlangoni, na huyo baba aje amchukue akamlee ndani ya lori.

"Nilikuwa nalala kwenye kebini ya lori, Eveline," akasema. "Ningemlaza wapi? Nikaandika Mwasomola ili abaki na kitanda."

Eveline akauliza, kwa sauti ndogo sana, kwa nini hakumwambia. Liberatus akajibu kwamba alikuja kumwambia. Alikuja mara tatu, Tumpe akiwa shuleni. Mara zote tatu mlango ulifungwa kabla hajamaliza shikamoo ya wazee. Na baadaye Mzee Silvester akafariki, na kumsema marehemu kwa binti yake akaona si adabu.

Nusrat alikuwa ameacha kuchapa. Akauliza kwa uangalifu, sasa na hii aya ya pili, ya cheti cha kuzaliwa. Mheshimiwa ndiye aliyetoa taarifa?

Liberatus akasema hapana, na hilo ndilo alilotaka kusema alipokohoa. Mtoto alipozaliwa yeye alikuwa njiani kwenda Tunduma. Siku zote amedhani ni dada yake Verediana, maana Verediana ndiye aliyemletea nakala, na Verediana hajawahi kuona jambo la watu akaliacha.

Mama na binti hawakutazamana. Eveline alikuwa ameanza kukunja ncha ya kitenge chake.

"Ni mimi," akasema.

Akaeleza kwamba baba yake, Mzee Silvester, alimwandikia barua ya ukurasa mzima, akitaka mtoto aandikwe Mwasomola na jina la yule dereva lisionekane popote. Alikwenda nayo kwenye dirisha la msajili, ameikunja kwenye mkoba. Karani akamuuliza jina la baba. Akataja Liberatus Kalinga, akalitaja herufi kwa herufi ili lisikosewe. Halafu barua akaichana akaitupa, akamwambia baba yake kwamba imepotea posta.

Liberatus alibaki amemkodolea macho. "Wewe ndiye uliyeniandika?"

"Nilikuandika."

"Na mimi nikakuandika wewe."

Hapo ndipo Eveline alipoanza. Kwanza mabega yalitikisika, Tumpe akadhani mama analia, akainuka amshike. Alikuwa anacheka. Alicheka kimya, kisha kwa sauti, kisha akashika meza kwa mikono miwili. Liberatus akamfuata, na kicheko chake kilikuwa kilekile cha Tumpe, cha kwikwi. Tumpe alikuwa hajawahi kumsikia akicheka kiasi hicho kwenye simu. Akashindwa naye. Walicheka watatu, wanajaribu kusema neno, wanashindwa. Miaka ishirini na nne wamenuniana kwa sababu kila mmoja alimpa mtoto jina la mwenzake. Nusrat akatafuta karatasi za kufutia machozi, akatumia moja mwenyewe.

Mlango ukafunguliwa. Wakili wa ofisi ya jirani, Abdulkarim, ambaye ndiye aliyekuwa amepangwa kuwaapisha, alichungulia kuuliza kama kuna arusi. Nusrat akamwambia kuna kiapo. Abdulkarim akasema hajawahi kuona watu wakiapa kwa furaha namna hii, akaingia na muhuri wake.

Aya ya pili na ya tatu ziliandikwa upya, kama zilivyosemwa, ila barua iliyochanwa na begi la mlangoni havikuingizwa; Nusrat alisema serikali haihitaji kujua yote. Aya ya mwisho ilitamka kwamba Tumpe Liberatus Kalinga, Tumpe Mwasomola na Tumpe Kalinga Mwasomola ni majina ya mtu mmoja na yuleyule, na kwamba kuanzia siku hiyo atatumia Tumpe Kalinga Mwasomola, kwa mpangilio huo, katika nyaraka zake zote. Abdulkarim akatoa Biblia kabatini. Liberatus aliishika juu chini, Eveline akamgeuzia. Wakaapa, wakasaini, muhuri ukagongwa mara sita, na kila ukigongwa Tumpe alihisi kama mtu anampigia ngoma kifuani.

Walipotoka ilikuwa saa kumi, mvua imepita, hewa ya Iringa safi na baridi. Liberatus akasema hawawezi kurudi Mbeya bila kuonja ulanzi, msimu wenyewe ndio huu, mianzi inatoa pombe tamu. Eveline akamkumbusha kwamba yeye ni Mmoraviani. Liberatus akasema wa asubuhi haujachachuka, ni juisi tu ya mwanzi, hata mchungaji hatauliza. Wakakaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya nyumba ya mama mmoja anayeuza, wakaletewa vikombe.

Tumpe akainua chake, akakinusa, akafyonza kwa ile sauti ya kazini. Wanywaji wote wakageuka. Akafumba macho, akawaeleza kwamba mbele kuna utamu wa muwa mbichi, katikati kuna peasi, na mwishoni, mbali kabisa, kuna kitu kama majani ya chai yaliyolowa umande. Mama mwenye pombe akaja kusikiliza. Akamwomba aonje na ndoo ya pili. Tumpe akaonja, akasema hii ni ya mwanzi mwingine, wa bondeni, na imekaa tangu jana. Mama yule akaapa kwamba ndivyo ilivyo, akawaongezea vikombe bila kuombwa. Liberatus alikuwa anamtazama binti yake mdomo wazi, mwanya wote uko nje. Akamuuliza Eveline, hivi ulimi huu ametoa kwenu au kwetu. Eveline akafikiri, akanywa kidogo, akanywa tena, akasema hilo nalo litahitaji kiapo.

Walilala kwa shangazi Verediana, ambaye alipoambiwa habari nzima alikasirika kwa dakika tano kwamba miaka yote hiyo amesifiwa kwa cheti asichokiandikisha, na hakuna aliyemwambia.

Nusrat alikisajili kiapo, akakituma Mbeya. Mama Mwantumu akasoma kiapo mwanzo hadi mwisho. Alipofika aya ya tatu akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akasoma aya hiyo mara ya pili. Kisha akamwambia Tumpe aweke vidole kwenye mashine ya alama. Baada ya wiki tatu pasipoti ikatoka. Tumpe aliifungua palepale kaunta, akasoma jina lake kwa sauti, yote matatu, na askari wa mlangoni akajibu "naam" kwa mazoea.

Kazi iliyofuata ilikuwa ya kufukuza karatasi. Mwaliko ulikuwa umeandikwa Tumpe Kalinga, kwa kuwa watu wa kahawa ndivyo wanavyomwita. Akawaandikia waandaaji, wakatuma mpya siku hiyohiyo. Barua ya mwajiri ilisema Mwasomola peke yake; Mzee Sedekia akaiandika upya kwa mkono wake kabla ya kuichapa, ili awe na uhakika. Tiketi ikaja Mwasomola Kalinga, nyuma mbele, na Tumpe akapiga simu kwa wakala mara nne, akimtajia mpangilio, hadi dada wa wakala akaanza kumwita kwa majina yote kila akipokea. Viza ilitoka wiki mbili kabla ya safari. Kwenye bahasha ya ubalozi hakukuwa na swali lolote.

Liberatus alikuja Mbeya kumsindikiza. Hakuna aliyekuwa ametamka neno ndoa, na Tumpe hakuuliza, lakini alijua kwamba siku hizi mama yake hupigiwa simu kuulizwa mambo ya ajabu, kama vile bei ya viazi Ilomba, na mtu anayeuliza anauza vipuri. Kwenye uwanja wa ndege wa Songwe wawili hao walibishana nani ashike koti la Tumpe. Mzee Sedekia alikuja pia, akimsisitiza asile pilipili siku tatu kabla ya mashindano. Tumpe alikuwa na kilo tatu za kahawa kwenye sanduku na kiapo nakala mbili mkobani.

Zamu yake ikafika. Dada wa kaunta akachukua pasipoti na tiketi, akaviweka sambamba. Tumpe akazuia pumzi. Alikuwa amejiandaa. Alikuwa na maelezo yote kichwani, Makongolosi, lori, dirisha la msajili, aya kwa aya, na mkono wake ulikuwa umeshashika bahasha ya kaki.

"Kiti cha dirishani au cha njiani?" yule dada akauliza.

"Dirishani," Tumpe akasema, na kicheko kikamtoka mpaka watu wa nyuma kwenye foleni wakaanza kucheka naye, bila kujua wanachekea nini.